Nipe Meza, Motisha Nitajitafutia

Ukimuuliza mtu yeyote Kenya hii namna ya kusoma nyumbani bila kukata tamaa, utapewa majibu yale yale matano. Amka saa kumi alfajiri. Weka simu mbali. Tengeneza ratiba uibandike ukutani. Tafuta kona tulivu yenye mwanga wa kutosha. Na juu ya yote, jipe motisha. Maneno haya yako kila mahali: redioni, kanisani, kwenye vikundi vya wazazi, kwenye video za dakika moja zinazozunguka kwa simu. Nimekuja kuyapinga, hasa hilo la nne na la tano. La nne wengi wetu hatuna, na la tano limegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wasio na la nne.

Nijitambulishe kwanza. Nina miaka 26. Niliingia chuo kikuu, nikatoka mwaka wa pili, karo ilipoishinda familia na tovuti ya chuo ikanifungia nje siku chache kabla ya mitihani. Sitaji chuo na sitafuti huruma. Nasema tu ili ujue naongea nikiwa upande gani wa mlango. Tangu hapo naishi kwa kalamu. Nahariri, natafsiri, naandikia yeyote anayelipa kwa wakati, na wachache wasiolipa. Karibu kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilijifunzia nyumbani, na nyumbani ni chumba cha futi kumi kwa kumi huko Pipeline, Embakasi. Kwa hivyo hii habari ya kusoma nyumbani kwangu si nadharia.

Hebu tuitafute hiyo kona tulivu pamoja. Chumba changu kina kona nne. Ya kwanza ina kitanda. Ya pili ina meko ya gesi na sufuria. Ya tatu ina mitungi ya maji, maana maji ya mfereji huja yanapojisikia. Ya nne ni ya mlango, na ukiweka kiti hapo huingii wala hutoki. Na hapo naishi peke yangu. Sasa chukua chumba hicho hicho, weka baba, mama na watoto watatu, katikati tundika pazia. Upande huu weka runinga ya jirani, upande ule weka jirani mwingine anayegombana na mkewe. Ghorofa za huku zimebanana kiasi kwamba ukiwa vyumba vya chini unawasha taa saa sita mchana. Halafu mwite huyo mtoto wa Gredi ya 8 umwambie atafute kona tulivu. Akikutazama bila kujibu, usidhani ni jeuri. Anakuhesabia kona.

Wako watakaosema natoa mfano wa mtaa mmoja mbaya wa Nairobi. Sawa, tutoke Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kwamba ni asilimia 50.4 tu ya nyumba za Kenya zilizokuwa zikitumia stima ya gridi kwa mwangaza. Sensa hiyo hiyo ilikuta kwamba kati ya watu wa umri wa miaka mitatu kwenda juu, asilimia 22.6 walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 walikuwa wakitumia kompyuta. Miaka imepita na hali imebadilika kiasi, simu zimeongezeka, nyaya zimefika vijiji vingi. Lakini soma tena hizo tarakimu ukikumbuka kwamba miezi michache tu baada ya sensa hiyo, taifa zima liliambiwa likasomee nyumbani.

Tunasahau haraka sana mwaka 2020. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe. Taasisi ya kuandaa mitaala, KICD, ikapeleka masomo redioni na kwenye runinga. Mwezi Julai mabaluni ya intaneti ya kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, yakaanza kutoa huduma kutoka angani, na Januari iliyofuata kampuni hiyo ikatangaza inafunga. Mwezi huo huo wa Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, wanafunzi warudie. Oktoba walirudi watahiniwa na Gredi ya 4. Wengine walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021.

Ule ulikuwa mtihani mkubwa kuliko KCSE yoyote, na matokeo yake tunayajua. Mtoto mwenye chumba, kompyuta na mama anayefanyia kazi nyumbani alisoma. Mtoto wa Pipeline aliuza barakoa, aliuza njugu, alilea wadogo zake. Shule zilipofunguliwa wengine hawakurudi kabisa. Sasa niambie wewe unayeamini habari ya motisha: je, ilitokea kwa bahati kwamba motisha yote ya Kenya ilikuwa imehamia Kilimani na Runda? Ama kulikuwa na kitu kingine ambacho hatutaki kukitaja kwa jina?

Kitu hicho kila mtu aliyepitia shule ya bweni anakijua. Kengele ya asubuhi. Prepu ya jioni. Taa za darasa zinazowaka kwa pesa za shule. Dawati lako lenye jina lako limechongwa kwa bikari. Mwalimu wa zamu anayepita kimyakimya nyuma ya dirisha. Wenzako arobaini wameinamisha vichwa, na hata ukitaka kuzubaa unaona haya. Hakuna mtu katika prepu aliyewahi kuulizwa kama ana motisha. Ulisoma kwa sababu kila kitu ndani ya chumba kile kilikuwa kimepangwa usome. Ulipofaulu, uliambiwa ni bidii yako. Bidii ilikuwepo, sikatai. Lakini bidii hiyo ilibebwa na jengo, na taa, na kengele, na sahani ya githeri iliyofika saa ile ile kila siku bila wewe kuteka maji wala kuwasha jiko.

Kisha mtu huyo huyo aliyebebwa na bweni miaka minne anakuwa mtu mzima, anapata kazi, anapewa kipaza sauti, anasimama mbele ya watoto wa shule za kutwa kuwaambia kwamba mwenye nia haoni kizuizi. Umewaona. Huja muhula wa tatu, siku ya maombi ya watahiniwa, wakati wazazi wanaleta kadi za heri na mchungaji anaombea kalamu. Sina ugomvi na maombi. Hata mimi kalamu yangu iliombewa. Ugomvi wangu ni na huyu wa suti, anayechukua bahasha yake baada ya kuwaachia watoto jambo moja tu la kwenda nalo nyumbani: kwamba ukianguka, ni wewe hukutaka vya kutosha.

Na siku hizi wanaokwenda kusomea nyumbani wanazidi kuongezeka. Shule za kutwa ndizo zinazobeba wengi tangu serikali iliposhikilia kwamba kila mtoto wa darasa la nane lazima aingie kidato cha kwanza. Sekondari msingi iliyoanza 2023 iko ndani ya shule za msingi za mtaani, kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 7 analala kwao. Mtaala wa umilisi unampa mzazi kazi ya nyumbani pia: chapisha picha hii, tafuta kitu kile kwenye mtandao, piga video ya mtoto akifagia. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichozinduliwa Agosti 2023 kinafundisha mtandaoni moja kwa moja. Mimi siipingi hata moja ya hatua hizi. Nasema tu kwamba polepole, bila mtu kutangaza, tumehamisha darasa kutoka shuleni tukalipeleka nyumbani, na hatukuuliza nyumba hizo zinafanana vipi.

Nitakupa mfano wa karibu. Kwenye ploti yetu kuna binti wa kidato cha tatu, anasoma shule ya kutwa. Anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Anateka maji, anapika, anaogesha mdogo wake. Saa tatu baba anarudi kutoka mjengo, amechoka, anataka kula na kulala, na taa ikizimwa imezimwa kwa wote kwa kuwa chumba ni kimoja. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Kaka, Jumamosi wewe huwa hauko, si ndio?"

"Huwa natoka. Kwani?"

"Nilikuwa nataka kuuliza kama unaweza kuniachia ufunguo. Nisome tu. Sitagusa kitu."

Nikamwambia aongee kwanza na mamake. Mamake akakataa, na akaja mwenyewe kunieleza, kwa heshima, akiwa amesimama nje ya mlango. "Si kwamba sikuamini, mwanangu," akaniambia. "Lakini wewe ni kijana na huyu ni msichana. Hii ploti ina macho. Watu watasema nini?" Alikuwa sahihi kabisa, na kama angekuwa dada yangu ningesema vile vile. Basi binti akajaribu kusomea kwenye ngazi, chini ya balbu ya koridoo, hadi landilodi alipoitoa ile balbu kwa kuwa bili ilikuwa imepanda. Msimamizi wa ploti alipoulizwa akajibu kwamba koridoo ni ya kupita, si ya kukaa.

Huyo binti umwambie nini kuhusu motisha? Mtoto anayeomba ufunguo wa chumba cha jirani ili asome hesabu Jumamosi, badala ya kupumzika, ana motisha ya kugawia wabunge wote na ikabaki. Anachokosa ni meza, balbu na masaa mawili ambayo hakuna mtu anayemwita. Lakini matokeo yakitoka na akiwa na D, ukoo mzima utakaa chini useme hakuwa na bidii. Mjomba ambaye hajawahi kumnunulia hata kalamu atakuwa wa kwanza kusema.

Najua jibu linalonisubiri hapa. Kuna mtu tayari anatafuta jina la yule daktari aliyesomea kwa koroboi. Kila kijiji kina hadithi hii: fulani alisoma chini ya taa ya barabarani, fulani alitembea kilomita kumi bila viatu, leo ni profesa. Siwezi kusema ni uongo, maana mara nyingi ni kweli tupu. Lakini niambie, waliokuwa wamekaa pembeni ya koroboi ile ile walikuwa wangapi? Wako wapi? Hadithi ya koroboi husimuliwa na aliyevuka, na yule aliyeharibika macho au akaacha shule kidato cha pili hana kipaza sauti. Tunahesabu mmoja aliyevuka mto kwa kuogelea, tunatumia jina lake kukataa kujenga daraja.

Ukitaka hadithi ya bidii, mimi nina moja bora kuliko ya koroboi. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Dunia nzima ilimjua kuwa mwanafunzi mzee kuliko wote wa shule ya msingi. Filamu ilitengenezwa kumhusu. Wahamasishaji wanampenda sana: tazama, wanasema, hata mzee wa miaka 84 aliamua. Lakini ngoja kidogo. Kwa nini aliamua 2004? Kwa nini si 1974, si 1994? Jibu liko kwenye kalenda. Serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi Januari 2003. Mzee Maruge hakuota motisha ghafla akiwa na miaka 84. Hamu ya kusoma alikuwa nayo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mlango ulifunguliwa. Na hakuingia peke yake, mwaka ule wa 2003 waliingia watoto zaidi ya milioni moja ambao walikuwa nje. Hakuna mhamasishaji aliyewahi kuingiza watoto milioni darasani. Tangazo moja la karo liliwaingiza.

Na kuna ushahidi mwingine, huu wa kizazi changu, ambao wengi hawapendi kuuzungumzia. Kenya ni mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya habari kuhusu jambo hili, The Shadow Scholars, ikiongozwa na Eloise King na kumfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 kufanya biashara hiyo kuwa kosa kule kwao. Sitakuja hapa kuhukumu vijana wanaoifanya. Wanalipa kodi ya nyumba. Nataka tu uitazame kwa jicho la mada yetu.

Kule Marekani au Uingereza kuna mwanafunzi mwenye chumba chake, kompyuta yake, intaneti isiyokatika, na maktaba ya chuo yenye taa usiku kucha. Amekosa hamu ya kuandika insha ya uuguzi. Huku, Juja au Roysambu au Pipeline, kuna kijana ameketi juu ya godoro, laptopu juu ya mapaja, modemu ina bando la usiku kwa kuwa ndilo rahisi, ndoo ya maji miguuni. Anasoma makala kumi za uuguzi, somo ambalo hajawahi kufundishwa, na saa kumi na moja asubuhi insha iko tayari na mwenye nayo atapata A. Kesho ataandika ya sheria, kesho kutwa ya theolojia. Sasa wewe nieleze, kati ya hao wawili ni nani asiye na motisha? Na kama ni hivyo, kwa nini mwenye motisha ndiye hana digrii?

Ukikaa na hao vijana utajifunza pia kwamba kinachowaamsha si hotuba. Kuna mtu anasubiri kazi. Kuna saa maalumu ya kuifikisha. Ikifika, pesa zinaingia. Mtu husoma usiku kucha akijua asubuhi kuna kitu mkononi. Kisha tunamgeukia mtoto wa kidato cha nne, ambaye kaka yake ana digrii ya takwimu na anaendesha bodaboda, ambaye dada yake amezunguka na bahasha ya kaki miaka mitatu hadi imechakaa, na tunashangaa kwamba hafungui kitabu kwa furaha. Huyo mtoto si mvivu. Anajua hesabu. Ameangalia nyumbani kwao akajumlisha, na jibu alilopata ndilo linalomchosha.

Sijasema utashi wa mtu si kitu. Ni kitu, na wapo waliopewa kila kitu wakakichezea. Lakini utashi ni kama moto: una kiberiti ndiyo, lakini bila kuni utawasha nini? Nikitazama namna mimi mwenyewe ninavyosoma, naona kuni zilitoka wapi. Zilitoka kwa mama mmoja wa chapati hapa chini, anayefungua kibanda saa kumi na moja asubuhi na kuniruhusu nikae meza ya nyuma kwa chai ya shilingi ishirini mpaka wateja wa saa mbili waje. Zilitoka kwa marafiki wawili tuliokubaliana kukutana kila Alhamisi, kila mmoja na kurasa zake, na asiyekuja na kurasa ananunulia wengine chai. Zilitoka kwenye maktaba, siku ninazopata nauli. Meza, saa, na mtu anayekusubiri. Kila mtu ninayemjua aliyefaulu kujisomea nyumbani, ukimchunguza utakuta hivyo vitatu mahali fulani katika habari yake. Mara nyingi hata hakusomea nyumbani. Alisomea kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa saiba ya rafiki.

Kwa hivyo nina mapendekezo, na si ya kwenda kwa mtoto.

La kwanza ni madarasa. Serikali ya Jubilee ilipoahidi laptopu za watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, shule za msingi za umma ziliunganishwa na stima nchi nzima ili vifaa vije kutumika. Vifaa vyenyewe ni hadithi ndefu, lakini nyaya zilifika na balbu ziko. Leo usiku, pita kando ya shule ya msingi yoyote ya mtaani. Utakuta madarasa kumi na sita yenye madawati, kimya kabisa, yamefungwa kwa kufuli. Taa moja inawaka nje, inammulikia soja. Ng'ambo ya ukuta kuna maelfu ya watoto wanagombania upande wenye mwanga wa kitanda. Fungueni vyumba viwili. Viwili tu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, siku tano kwa wiki. Vitabu watakuja navyo.

La pili ni maktaba. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka maktaba mikononi mwa kaunti. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 kwenye sensa ya 2019. Maktaba za kaunti zinazojulikana ni McMillan, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limefanya kazi ya kuheshimika kuzifufua. Kuna pia maktaba za taifa, kama ile ya Buruburu. Ingia yoyote kati ya hizi wiki ya kabla ya mitihani uone. Vijana wamejaa hadi sakafuni, na wengi hawajagusa kitabu hata kimoja cha rafu. Wamekuja na madaftari yao. Wamepanda matatu, wamelipa nauli, wakatafuta kiti. Watu wanasafiri kilomita kumi kutafuta kiti, halafu mnasema vijana hawapendi kusoma! Kule Garissa huduma ya maktaba imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996. Kama ngamia anaweza kumfikia mtoto wa mfugaji nyikani, wadi ya Nairobi haiwezi kushindwa kukodi ukumbi mmoja na kuweka meza thelathini.

Nimeshasikia pingamizi. Usalama: wasichana watarudije usiku? Swali zuri, na ndilo sababu nasema shule ya mtaani, ya dakika tano kwa miguu, wazazi wakipokezana kuwasindikiza, si maktaba ya mjini. Gharama: nani atalipa stima na msimamizi? Kila wadi ina pesa za basari ambazo hugawanywa vipande vidogo vidogo ili picha ya mheshimiwa akikabidhi cheki ipigwe mara nyingi. Sehemu ndogo ya hizo inatosha kumlipa mtu mmoja aliyemaliza chuo na amekaa bila kazi, aje ashike ufunguo na asaidie kwenye hesabu. Walimu wakuu watasema madawati yatavunjwa. Basi wekeni daftari la kuandika majina. Misikiti na makanisa nayo yana kumbi tupu Jumatatu hadi Alhamisi. Mengine yana hata jenereta. Hakuna ugumu wowote hapa unaozidi ule tunaomtwika mtoto wa miaka 14 tunapomwambia ajitafutie mwenyewe.

Kwa wazazi wenzangu wa baadaye na wa sasa, nina ombi dogo. Najua mmechoka. Najua chumba ni kimoja. Lakini saa moja tu kwa siku, runinga izimwe, maji yatekwe na mvulana pia, na asitumwe dukani mtu yeyote aliyeshika kalamu. Saa moja ya kutoitwa ni zawadi kubwa kuliko kadi ya heri.

Na kwa wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa umelaza simu juu ya mto, daftari la masomo limefunikwa pembeni, ukijiuliza una kasoro gani: pengine huna kasoro. Acha kujichunguza moyo kwanza, chunguza chumba. Uliza ni nani mwingine kwenye ploti anatafuta mahali pa kusoma. Mkishafika watano, nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu, kwa imamu, kwa padri, kwa mwakilishi wa wadi. Mtu mmoja akiomba kufunguliwa darasa usiku ataulizwa ana shida gani. Watano wakiomba, na wakarudi tena wiki inayofuata, na ile nyingine, mwishowe mtu atalazimika kueleza mbele ya watu kwa nini kufuli hilo liko pale, na ufunguo anao nani.